Kiungo kimeacha nafasi: usikimbilie unga wa msumeno

Fundi mpya akiona mwanga unapenya kwenye kiungo, yaani pale mbao mbili zinapoungana, anakoroga unga wa msumeno na gundi nyeupe, anasindilia, anapiga msasa, kazi inaonekana safi kabisa. Siku ya vanishi ndiyo siku ya aibu, maana kila pembe inatoka na doa. Gundi ikishakauka hainywi vanishi kama mbao inavyoinywa.

Kabla ya kuziba, jua nafasi hiyo imetoka wapi. Kama ni ya msumeno wako, yaani bega la ulimi halikukatwa sawa (ulimi ni ncha ya ubao iliyopunguzwa iingie kwenye tundu la mwenzake, bega ni ukingo unaobaki nje na kugusana na huyo mwenzake), itakaa vilevile na unaweza kuiziba. Lakini kama mbao ilikuwa mbichi, au uso wa meza umeupigilia misumari pande zote, hiyo nafasi itaendelea kutembea. Mbao hutanuka na kunywea kwa upana. Kwa urefu karibu hakuna kitu. Meza iliyoundwa kwenye unyevu wa Dar es Salaam ikapelekwa Dodoma itanywea tu, na ulichosindilia kwenye ufa kitabomoka. Hapo rekebisha namna ulivyoufunga uso: ng'oa misumari, weka skrubu kwenye matundu marefu kidogo ili mbao ipate pa kusogea.

Sasa bega. Kama hujatia gundi, una bahati. Bana kiungo, pitisha msumeno mwembamba kwenye mstari wa bega pande zote. Utakula palipogusana na kupita bure palipo wazi, kisha ukibana tena pande mbili zinakutana. Fremu itapungua kwa unene wa msumeno, kwa hiyo fanya hivyo hivyo kwenye ubao wa fremu unaoelekeana na huo, vinginevyo mlango utakaa mshazari.

Kama gundi imeshashika, ziba kwa mbao. Pitisha msumeno huo huo ndani ya nafasi ili kuta zake ziwe safi na sambamba. Tafuta kipande kilichobaki, ikiwezekana cha ubao uleule, nyuzi zielekee kulekule. Kirande mpaka kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, si kwa nyundo. Tia gundi, kiache kimetokeza juu kidogo, na kesho yake ndipo ukikate kwa patasi kali. Wengi wanakikata gundi ikiwa bado laini, kinang'oka au kinazama, wanaanza upya.

Ulimi unaocheza ndani ya tundu ni suala la nguvu, na hapo sina huruma. Gundi nyeupe hushika mbao zilizogusana, haijazi pengo; ukiimwaga nyingi, kiti kitaanza kulia mapema. Gandisha vipande vyembamba kwenye mashavu ya ulimi, yaani nyuso zake mbili pana, vikauke, kisha punguza mpaka uingie kwa kubana. Kama ulimi unatokeza upande wa pili, unaweza kuuchana kwa msumeno na kupiga kabari. Angalia tu kabari ifungue ulimi kufuata urefu wa mguu. Ukiifungulia ubavuni, utaupasua mguu.

Unga una nafasi yake kwenye mwanya wa unene wa unywele. Chukua vumbi la msasa laini, si la msumeno, la mbao ileile, ulichanganye na vanishi yenyewe badala ya gundi. Lijaribu kwenye kipande cha kutupa na ulipake vanishi kamili, maana mninga mkavu na mninga uliolowa vanishi ni rangi mbili. Ukisita kati ya rangi mbili, chagua iliyokolea. Mstari mweusi macho huuchukulia kama nyuzi za mbao, mweupe unaonekana toka mlangoni.

Alama ya nyundo usiizibe kabisa. Weka kitambaa kibichi, gusa kwa pasi ya moto, nyuzi zilizobonyea zitavimba na kurudi. Zikiwa zimekatika, hazirudi.

Kazi ya kupaka rangi ya mafuta haihitaji haya yote. Puti ya dukani inatosha, mradi kiungo hakichezi. Nyuma ya kabati pia sitakusumbua. Ila mlango wa mbele ulio usawa wa macho, kwa mteja aliyelipia mninga, kata ubao mwingine. Mara nyingi ni kazi ya asubuhi moja, na kuhangaika na viraka kunaweza kumaliza siku nzima.