Pikapu ya jangwani: anza kwa kupunguza

Msimu wa baridi ukikaribia huku Oman, vijana wetu huanza kuniletea picha kwenye simu. Nyingi zinafanana: Land Cruiser pikapu, milango imeng'olewa, rashasha imesimama nyuma juu ya nguzo, vumbi limetanda. "Ami, nataka langu likae hivi hivi, bunduki tu ndiyo sitaki." Halafu anaanza kuhesabu: bampa la chuma mbele na nyuma, kerieri zima juu, winchi, safu ya taa, tairi ya pili ya akiba, tangi la ziada. Kabla hajamaliza nimeshajua gari hilo litazama kwenye tuta la kwanza, pale nje kidogo ya Bidiya, mji ulio ukingoni mwa michanga ya Wahiba.

Picha ameitazama, lakini ametazama kilichoongezwa. Mimi nina maradhi ya kusoma habari za vita vya jangwani, na michanga ya Wahiba nimeipanda tangu ujana wangu, na pande zote mbili zimenifunza jambo moja: magari yaliyofanikiwa jangwani yalitengenezwa na watu wenye choyo cha kilo. Silaha ilikuja mwisho, ikapewa nafasi iliyobaki.

Chukua kikosi cha Waingereza kilichoitwa Long Range Desert Group. Meja Ralph Bagnold alikiunda Cairo katikati ya mwaka 1940 kwa ruhusa ya Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Kati, na askari wake wa mwanzo wengi walitoka New Zealand. Bagnold hakuwa mgeni wa mchanga. Katika miaka ya 1920 na 1930 alikuwa akizunguka majangwa ya Misri na Libya na rafiki zake kwa gari za kawaida za Ford, kwa hamu yao tu, na mengi aliyoyajua humo ndiyo aliyoyatia kwenye magari ya vita.

Gari alilolichagua huwashangaza watu: lori dogo la Chevrolet, la kubeba tani moja na nusu, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Foowili, yaani kusukumwa na magurudumu yote manne, hakuna. Mwaka 1941 walipewa Ford za foowili, wakaziona nzito na zenye kiu ya mafuta. Mwaka 1942 wakarudi kwenye Chevrolet, safari hii mpya kutoka Kanada, na hizo nazo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hawa ndio watu waliovuka Bahari Kuu ya Mchanga kati ya Misri na Libya. Mtoto wa kaka yangu ana foowili yenye difu loki (kufuli ya kuyazungusha magurudumu ya ekseli kwa pamoja) mbele na nyuma, na karibu kila tukitoka tunamvuta kwa kamba.

Walipolipata lori lao, kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa. Mlango ukatoka, paa likatoka, kioo cha mbele kikatoka. Baada ya hapo ndipo springi zilipoongezwa majani, kwa sababu lori la tani moja na nusu lilikuwa linakwenda kubebeshwa kama tani mbili za petroli, maji, chakula na risasi. Ukiongeza majani ya springi kwenye gari linalobeba mzigo kweli, umelisaidia. Ukiyaongeza kwenye gari tupu ili tu likae juu lipendeze, umejinunulia maumivu ya mgongo, na mchangani tairi za nyuma zitarukaruka badala ya kushika. Jambo hili nimelisema mpaka nimechoka.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye malori yale ni kopo. Rejeta zikichemka kwenye joto lile, mvuke ungetoka na maji yangepotea, na maji ndiyo uhai wa watu. Basi wakaunga mpira kutoka kwenye rejeta hadi kwenye kopo lenye maji lililofungwa ubavuni. Mvuke unaingia kopo, unakutana na maji, unageuka maji. Injini ikipoa, rejeta inayafyonza yale maji na kuyarudisha ndani. Gari likichemka sana, dereva alisimama na kuligeuza pua lielekee upepo. Gari lako la leo limetoka kiwandani na kopo la namna hiyo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliangalia. Kabla ya safari fungua boneti, bonyeza mipira kwa vidole uone kama imekauka au kupasuka, na kifuniko cha rejeta kikiwa cha zamani kibadilishe, bei yake si kitu. Na ukichemsha, fanya kama wao: geuza pua kwenye upepo, acha injini ingurume taratibu, na mkono wako usiguse kifuniko.

Upepo wa tairi nao ni mafunzo ya watu wale. Watu hudhani tairi ikipunguzwa upepo inatanuka ubavuni. Inatanuka kidogo, hasa inarefuka, inalala chini kama ulimi, na uzito unagawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi. Mimi natoka mjini na upepo wa psi 35, mwisho wa lami nashusha mpaka 15 hivi. Gari likiwa tupu na mchanga laini sana, 12. Chini ya hapo ukikata kona kwa kasi tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla hujakimbia, maana tairi laini kwenye lami ya moto hupata joto na kupasuka. Kuna wanaoona haya kushusha upepo, eti gari lao lina nguvu. Nguvu bila upepo mdogo ni kuchimba kaburi haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye ile bunduki. Doria ya mwanzo ya kikosi kile ilikuwa na malori 11, na silaha zake nyingi zilikuwa bunduki za Lewis, za vita vya kwanza vya dunia, pamoja na mzinga mmoja wa Bofors wa milimita 37. Baadaye doria zikagawanywa nusu, kwa sababu magari machache huacha nyayo chache na hujificha upesi. Wenzao wa SAS, kikosi maalumu cha Waingereza, walipopata jipu mwaka 1942, walizifunga bunduki za Vickers K zilizotolewa kwenye ndege: nyepesi, na zinazofyatua haraka mno. Usiku wa tarehe 26 Julai mwaka huo jipu 18 ziliingia kwenye uwanja wa ndege wa Sidi Haneish, Misri, zikapita katikati ya ndege zikizimiminia risasi, zikatokomea gizani. Hapakuwa na chuma cha kinga cha kuwaficha waliomo. Giza na kasi ndivyo vilivyowaficha.

Kitu chochote kilichosimama juu ya nguzo nyuma ya gari kinaupandisha uzito. Ukipita ubavuni mwa tuta, uzito ule unataka kuteremka kabla yako. Wewe bunduki huna, wala usiitafute, lakini una kerieri, na juu ya kerieri umepanga madumu matano ya lita 20. Hiyo ni kilo mia za maji juu ya kichwa chako. Yashushe. Watazame Mabedui wanaowapelekea ngamia wao maji: tangi hukaa chini kabisa kwenye bodi, limesukumwa mpaka ligusane na kebini, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unainua pua na usukani unakuwa mwepesi, hauambiliki. Hawakusoma popote. Wameona magari yakibiringika.

Lipo jambo moja ambalo hata Bagnold na watu wake hawakuliepuka. Tarehe 31 Januari 1941, kwenye mlima wa Jebel Sherif kusini mwa Libya, doria yao ilikutwa na kikosi cha jangwani cha Waitalia kikisaidiwa na ndege. Malori yakaungua, na maji yakaungua nayo. Wanne walioachwa pale, mmoja wao Ronald Moore wa New Zealand, waliamua kutembea kuelekea kusini badala ya kujisalimisha, na dumu moja la maji. Walikwenda siku kumi, zaidi ya kilomita 300. Mmoja wao alifariki. Kwa hiyo mimi siruhusu maji yote yakae gari moja, hata kama gari hilo ni jipya na dereva wake ni hodari. Kila gari na lake, na kila mtu na chupa yake mgongoni akishuka, hata akienda tu kutazama nyuma ya tuta.

Waitalia nao walijenga gari zuri, Sahariana ya mwaka 1942, chini kama jokofu lililolazwa, madumu yamepangwa nje ubavuni. Ni zuri kuliko Chevrolet, na lilichelewa. Na huku kwetu zilifika Land Rover za SAS zilizopakwa rangi ya waridi, 72 zilizotengenezwa mwaka 1968, kila moja ikibeba lita zipatazo 450 za petroli. Rangi ile si mzaha. Alfajiri na magharibi, mchanga wetu ni wa waridi.

Vijana lakini hawaniulizi habari za 1942. Wananiuliza habari za Chad, kwa sababu picha zao zimetokana na huko. Mwaka 1987 jeshi la Chad, likiwa na Toyota pikapu zilizofungwa makombora ya Milan ya kuvunjia vifaru na bunduki nzito, liliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru yaliyokuwa yameikalia kaskazini ya Chad: Fada tarehe 2 Januari, Ouadi Doum tarehe 22 Machi, na Septemba likaingia ndani ya Libya yenyewe mpaka Maaten al-Sarra. Ndipo watu wanasema Toyota ilishinda kifaru. Toyota haikushinda peke yake. Madereva wengi walikuwa watu wa kaskazini waliolijua jangwa lile tangu utoto, hawakufuata njia ambazo Walibya walikuwa wamezielekezea mizinga. Ufaransa iliwapa silaha na kinga ya ndege upande wa kusini. Na pale ndege za Libya zilipofanya kazi yake, pikapu ziliumia: Aouzou, mji wa kaskazini kabisa mwa Chad, waliichukua Agosti 8, wakanyang'anywa kabla mwezi haujaisha. Kwenye picha ya simu hayo hayaonekani, wala hawaonekani waliokufa nyuma ya zile rashasha.

Basi kijana mwenye fedha ya bampa, nampangia hivi. Kwanza kompresa nzuri na geji ya upepo anayoiamini. Pili kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na ndoano mbili zilizofungwa kwenye chasisi, si kwenye bampa, maana ndoano ikikatika huruka kama risasi. Tatu sepetu na jozi ya mbao za plastiki za kutilia chini ya tairi. Bagnold alitumia vipande vya chuma, wewe una bahati ya kubeba vyepesi. Nne, kabla ya kununua kitu kingine chochote, lipeleke gari kwenye mizani ya malori likiwa na mafuta, maji, watu na kila unachokusudia kubeba. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, ulinganishe na kibandiko cha mlangoni kinachotaja uzito unaoruhusiwa. Wengi hurudi kutoka mizani wakianza wenyewe kushusha vitu, na bampa ndilo la kwanza.