Maswali ya Wasomaji: Vita Ndani ya Kompyuta

SWALI: Mhariri, nina shahada ya uhandisi wa programu na kwa sasa nipo nyumbani. Nasikia wapo wahandisi wanaotengeneza mifumo ya kuigiza vita kwa mafunzo ya wanajeshi. Je, kazi yao si michezo ya kompyuta tu? – Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, picha ndiyo inayoonekana, lakini ugumu uko katika kuzifanya kompyuta nyingi, kila moja ikiendesha kifaru au ndege yake, zikubaliane nani yuko wapi. Marekani ilianza kuunganisha mitambo ya namna hiyo miaka ya 1980 kupitia mradi wa SIMNET. Chukulia boti iliyong'oa nanga Kibirizi kuelekea kaskazini: ukijua mwendo na uelekeo wake, nahodha hana haja ya kukupigia simu kila sekunde, kwani unakadiria mwenyewe ilipo, naye hupiga pale tu anapobadili njia. Kompyuta hizo hufanya vivyo hivyo, zikitumiana taarifa makadirio yanapopishana na hali halisi kupita kiwango kilichowekwa, na hapo mtandao haulemewi.

Jifunze lugha ya programu ya C++, mitandao, na hisabati ya vekta, yaani ya vitu vyenye ukubwa na uelekeo, ambayo wengi huikimbia. Fahamu pia kwamba ajira hizi mara nyingi hudai uraia wa nchi husika na uchunguzi wa usalama. Na usishangae ukikesha ukitafuta kwa nini kifaru kinaelea nusu mita juu ya ardhi. Mara nyingi utakuta kompyuta mbili zina ramani zisizolingana za kilima kilekile.