IST au Mark X kwa kijana wa miaka 18

Kaka, umeuliza umnunulie kijana wa miaka 18 gari gani kati ya Toyota IST na Toyota Mark X: mchukulie IST yenye injini ya 1300cc na uiache Mark X, hata kama mwenye nayo amekupunguzia bei. Mark X huanzia 2500cc na nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mikononi mwa mgeni wa usukani, barabara ya Segera ikiwa imelowa, mkia huteleza kabla hajajua la kufanya. Mafuta yake nayo yatakula mshahara wako. Spea za IST zinapatikana hapa Tanga bila kuagiza.

Ila usilipe kabla ya kutazama mifuko ya hewa. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo kilipuzi cha kuijaza huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, yaani hali ya hewa ya pwani yetu hii, hivyo ipeleke namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota uone kama gari liliitwa kurekebishwa. Ukiwasha swichi, taa ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi, iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeichomoa ili kuficha ubovu. Mimi huinua pia zulia la dereva, kwa sababu kutu ya chumvi huanzia huko chini. Tairi nazo, zisome tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni mwake: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.