Maswali ya Wasomaji: Walioukwepa Umaskini ni Walewale?

SWALI: Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, ukashuka hadi 26.4 mwaka 2017/18. Ina maana waliokuwa maskini ndio waliojikwamua? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Takwimu hizo hazisemi hivyo. Utafiti wa mapato na matumizi huchagua kaya nyingine kila awamu. Huenda wachache walipanda na hakuna aliyeshuka. Huenda wengi walipanda na wengi wengine wakaporomoka. Asilimia inatoka ileile. Ili kujua, lazima umrudie mtu yuleyule.

Hapo kwenu Kagera kazi hiyo imefanyika. Kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya 1991 na 1994, kisha watu wake wakatafutwa tena 2004, hata waliohamia mikoa mingine na Uganda. Ikaonekana kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia. Wadadisi wangeishia kwa waliobaki kijijini, hilo lisingeonekana kabisa. Ndiyo maana dodoso la kwanza huandika hadi jina la utani, na simu za ndugu wasiokaa nyumba moja.

SWALI: Kikundi chetu cha vicoba kitahoji wanachama mwaka huu, kisha baada ya miaka mitatu. Tuulize mapato?

JIBU: Ulizeni matumizi. Mwenye genge ukimuuliza mapato atakutajia mauzo, na mkulima wa kahawa atategemea umemkuta kabla au baada ya kuuza. Chakula kiulizwe cha siku 7. Ada, nguo na matibabu vya miezi 12. Mkungu wa ndizi uliotoka shambani uthaminiwe kwa bei ya soko la hapo, la sivyo anayekula vyake ataonekana fukara kuliko anayenunua. Gawanyeni kwa idadi ya walaji, na mrudi mwezi uleule.

Kisha ondoeni mfumuko wa bei. Tuseme mtu alitumia 200,000 kwa mwezi, sasa 240,000, na bei zimepanda asilimia 25: 240,000 ÷ 1.25 = 192,000. Amerudi nyuma.

Mtego mkubwa ni wale wa chini kabisa. Baadhi yao mliwakuta wiki ya msiba, au walisahau kutaja vitu. Mara ya pili "watapanda" bila kuongeza hata shilingi. Mkiweza, wahojini mara mbili mwaka huu, muwapange kwa wastani wa hayo mawili.