Tulivyofungua Tena Baraza za Mikindani

Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka mjini Mtwara. Bibi mzaa mama alikuwa na nyumba Mikindani, mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka mjini, na likizo zangu zote za utotoni niliishia huko. Vijana wa pale waliponiomba nikawasaidie kupendezesha mtaa wa maduka ya zamani, sikusita. Nilibeba brashi na ndoo nikaenda. Misimu mitatu imepita, na kwa kuwa wengi mnaniuliza, toka Lindi mpaka Kilwa Kivinje, nianzie wapi nami nifanye hivyo kwetu, naeleza tuliyoyaona na tuliyoyakosea.

Anza kwa kujua mtaa wako ulikufa kwa nini. Karne ya 19 misafara ilishuka Mikindani kutoka bara na pembe za ndovu na, kwa uchungu wetu, watu waliotiwa utumwani. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho. Wajerumani wakajenga boma mwaka 1895. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaja na mpango wao wa karanga kule Nachingwea. Mpango ule ulitaka bandari ya meli kubwa, na kina cha Mikindani hakikutosha, basi bandari ikajengwa Mtwara. Karanga zilishindikana, mwaka 1951 mpango ukafutwa, lakini bandari ilikwishahamisha biashara. Wenye maduka walifuata meli.

Nalisema hili kwa sababu katika kikao chetu cha kwanza kijana mmoja alitamka kwamba watu wa hapa ni wavivu wa biashara. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya pembeni aliinuka akaondoka. Jioni tulimfuata kwake, tukampa shikamoo, tukamwomba radhi. Alitukaribisha kahawa, kisha akatutajia mtaa mzima, mlango kwa mlango: hapa ziliuzwa khanga, hapa palikuwa na fundi wa kanzu, hapa mkahawa, hapa walipima korosho. Tuliandika yote kwenye daftari la shule. Daftari lile limetufaa kuliko mchango wowote wa fedha tuliowahi kupata. Ukiwa na hamu ya kuanza kesho, basi kesho nenda kwa mzee wa namna hiyo na daftari, rangi iache nyumbani.

Msimu wa kwanza tulichora kuta mbili. Jahazi moja, na wacheza sindimba. Nilijivunia kazi ile, na watu walikuja wakapiga picha kwa muda wa wiki moja. Wiki ya pili mtaa ukarudi kimya chake. Mtu huja kutazama picha mara moja, akishaiona hana la kumrudisha. Halafu masika yakaingia na rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, ikatoka na vipande vya lipu.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo kila mchoraji wa pwani angepaswa kulijua. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa, unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, au rangi ya kisasa inayoufunika kama nailoni, maji na chumvi hukwama ndani na kuubomoa kutokea ndani. Fundi mmoja mtu mzima, aliyewahi kufanya kazi kwenye ukarabati wa lile Boma, alitukalisha chini akatuonyesha namna ya kupaka chokaa ya maji, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likauke taratibu. Siku hizi ukuta tunaupaka chokaa tu. Michoro tunaichora kwenye mbao na kuzitundika, mvua zikija tunaziingiza ndani. Tafadhali msirudie kosa letu. Ukuta uliosimama miaka mia moja hauna haja ya kuangushwa na mtu anayeupenda.

Milango nayo ina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Usiipige msasa, usiipake vanishi, usikubali mtu aing'oe akapambie hoteli. Muone afisa utamaduni wa halmashauri mapema, na mwenye nyumba akupe ruhusa kwa maandishi, hata kama ni mjomba wako.

Msimu wa pili tulibadilisha kila kitu, na wazo halikuwa langu. Mama mmoja anayesuka mikeka alituambia, "Nyie mnachora watu wakifanya kazi, na sisi wenye kazi mmetuacha uani." Basi tukawaomba wenye nyumba baraza tu. Milango ibaki imefungwa, funguo wakae nazo, sisi tupewe baraza kuanzia alasiri mpaka magharibi. Mama yule na wenzake wanne wakatoka na ukili wao na miyaa iliyotiwa rangi. Mchongaji akaja na tezo na gogo la mpingo. Mimi nikakaa na kibao changu nikachora jina la duka lililokuwa hapo zamani, kama lilivyo kwenye daftari.

Sijui kama mmewahi kusikiliza tezo ikila mpingo. Sauti yake ni kavu, inakwenda mbali, na mtu hawezi kupita asigeuke. Ganda la nje ni la rangi ya maziwa, ukichimba kidogo weusi unatokea, na watoto walikuwa wakisubiri weusi ule utokee. Mchongaji alikuwa akitoa kinyago cha ujamaa, watu wamebebana mmoja juu ya mwingine, na kila jioni palikuwa na mtu mpya juu ya gogo. Hilo ndilo lililowarudisha watu: kesho yake walitaka kujua kimefika wapi. Wakirudi wanakaa, wakikaa wanaona kiu. Siku ya nne muuza kahawa na kashata akahamia pale bila kualikwa. Baada yake akaja mama wa pweza, kisha mwingine na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Kabla msimu haujaisha fundi cherehani mmoja alikodi chumba cha mbele cha nyumba iliyokuwa imefungwa tangu sijazaliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huo. Kazi ifanyike nje, polepole, watu wakiiona. Usiifiche nyuma ya turubai ukaja kuizindua kwa spika na mgeni rasmi.

Lakini si kila kazi ni ya barazani. Tulipoona mambo yanakwenda, tulimwomba mchongaji achonge mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma ya Wamakonde, mbele ya watu. Alikataa, tukamshawishi kwa sababu hatukumwelewa. Siku ya pili wazee wawili wa Kimakonde walituita. Wakatueleza kwa upole kwamba lipiko linatoka kwenye mambo ya jando, kwamba mchezaji wake hapaswi kujulikana ni nani, na kwamba kulichonga mbele ya watoto na wanawake ni kuvua nguo kitu ambacho babu zao walikivalisha. Tulisimamisha siku ileile. Mimi ni mtu wa huku na nilidhani najua. Urithi una vyumba vya ndani, na mwenye funguo ndiye wa kuulizwa. Ngoma yenyewe wazee waliileta wao, kwa wakati wao, na walicheza vizuri mno.

Kuhusu majira sina maneno mengi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo anza Juni, mtaa uwe umechangamka ifikapo Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa na watu wana hela. Kuhusu fedha, sajilini kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbukeni ule ni mkopo, utarudishwa. Wakope wasusi wanunue miyaa, kwa kuwa mkeka unauzwa. Kwa ajili ya chokaa na mbao, changishaneni.

Juni hii tunavuka barabara, upande ambao mzee alisema palikuwa na mkahawa. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Kwa simu amekubali tutumie baraza, ila mlango amesema usiguswe. Kibao nimeshakichora, na muuza kahawa ameshauliza tunaanza lini.