Alama zinazojirudia kwenye printa ya leza: usinunue fyuza kabla hujashika rula

Mkuu, nimeisoma shida yako mara mbili. Printa ya ofisini ni ya leza, nyeusi na nyeupe. Kila ukurasa unatoka na doa jeusi linalojirudia kuanzia juu hadi chini. Umebadilisha katriji ya tona, yaani ule unga wa wino, doa liko palepale, na fundi amekwambia ununue fyuza, sehemu ya ndani inayoiyeyusha tona kwa joto ili ishike kwenye karatasi. Naomba usinunue bado. Nimefanya kazi na mashine hizi kwa miaka kumi na moja, na nimekuta fyuza nyingi nzima zimeng'olewa na kutupwa kwa sababu hakuna aliyepima kwanza.

Chukua rula. Pima kutoka doa moja hadi doa linalofuata linalofanana nalo, kwa milimita, bila kukadiria kwa macho. Kila kinachozunguka ndani ya printa, iwe dramu (silinda inayobeba tona hadi kwenye karatasi) au rola, kikiwa na jeraha sehemu moja kitaliacha jeraha hilo kwenye karatasi kila kinapomaliza mzunguko. Kwa hiyo umbali kati ya madoa ni mzingo wa kitu kilichoharibika, yaani kipenyo chake mara 3.14. Dramu nyingi za printa ndogo zina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo doa linarudi kila baada ya milimita 75 hivi. Dramu ya milimita 30 inatoa milimita 94. Rola nyembamba ya kuchaji dramu yenye milimita 12 itarudia kila milimita 38. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo hata kwa kuhesabu madoa tu unaanza kupata picha: matatu au manne kwa ukurasa, mshukiwa ni dramu, saba au nane, tazama rola nyembamba. Vipimo hutofautiana kati ya modeli na modeli, na kitabu cha matengenezo cha modeli yako kwa kawaida kina jedwali la umbali huo. Fundi anayesema fyuza bila kutaja umbali amebahatisha.

Umesema umebadilisha katriji. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kwenye printa nyingi za HP za nyeusi na nyeupe, dramu imo ndani ya katriji, ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote. Kwenye nyingi za Brother, tona ni kitu chake na dramu ni kitu chake: unachomoa tona peke yake, na dramu ya zamani inabaki ndani na jeraha lake. Kama yako ni ya aina hii ya pili, bado hujaigusa sehemu ninayoishuku. Itoe, izungushe polepole kwa kushika gia ya pembeni, ukitafuta mkwaruzo, gundi ya lebo, au tona iliyoganda. Usiiguse ngozi yake ya kijani au bluu kwa kidole, mafuta ya mkono yanaacha alama. Usiiache wazi kwenye mwanga pia. Mimi huwa na kitambaa cheusi kizito kwenye begi kwa kazi hiyo tu, na dramu ikitoka kwenye mashine inafunikwa papo hapo.

Rula ikikuacha na mashaka, kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote, nalo halihitaji kifaa chochote. Tuma ukurasa uchapwe, na karatasi ikifika katikati ya safari yake fungua mlango wa mbele ghafla. Mashine italalamika kwamba karatasi imekwama, hilo lisikutie wasiwasi. Vuta karatasi nje taratibu, usiisugue, kwa sababu sehemu kubwa ya tona bado ni unga mkavu uliolala juu yake. Usiingize mkono upande wa nyuma kwenye fyuza, pale joto hufika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na linachoma kweli.

Ili uelewe unachokiona, kumbuka mpangilio wa kazi. Dramu inapewa chaji ya umeme, leza inaiondoa chaji hiyo pale penye maandishi, tona inanata kwenye sehemu hizo, rola ya kuhamishia iliyo chini ya karatasi inaivuta tona kutoka kwenye dramu kuja kwenye karatasi, kisha fyuza inaiyeyusha na kuikandamiza mpaka ishike. Sasa tazama karatasi uliyoivuta. Kama doa tayari lipo kwenye sehemu ambayo haijafika kwenye fyuza, fyuza haina hatia, na pesa yako imeokoka. Kama karatasi ni safi hadi inapofika kwenye fyuza na inachafuka baada ya hapo, basi fundi alikuwa sahihi. Kama maandishi kwenye dramu ni meusi vizuri lakini karatasini ni hafifu, tatizo ni uhamishaji: rola ya kuhamishia imechoka, au migusano yake ya umeme imejaa uchafu. Nimewahi kufika mahali wamebadilisha katriji tatu kwa maandishi hafifu, na jaribio hili la dakika mbili likaonyesha dramu nyeusi tii. Nilifuta migusano ya rola ya kuhamishia kwa kitambaa kikavu na ukurasa uliofuata ukatoka mweusi. Katriji zote tatu zilikuwa nzima. Iliniuma, kwa sababu ile ilikuwa ofisi ndogo isiyo na bajeti ya kuchezea.

Wakuu wengine wameuliza kuhusu mistari, nayo ni hadithi tofauti na madoa kwa sababu haijirudii, inashuka moja kwa moja. Mstari mweupe wa wima: toa katriji, itikise taratibu kushoto na kulia mara tano au sita, rudisha, chapa tena. Mstari ukihama au ukififia, tona inaisha au imejikusanya upande mmoja. Ukibaki palepale bila kusogea hata kidogo, kuna vumbi kwenye kioo chembamba ambacho mwanga wa leza unapitia. Mstari mwembamba mweusi mara nyingi ni mkwaruzo uliozunguka dramu nzima, au ulimi wa plastiki unaofuta tona iliyobaki umeharibika. Kwenye dramu zenye waya wa kuchaji kuna kitelezeshi kidogo cha kuusafisha: kitelezeshe mara kadhaa kutoka upande hadi upande, kisha hakikisha umekirudisha kwenye alama yake ya mwanzo. Kikiachwa katikati, kinatengeneza mstari mwingine mahali kilipoachwa, na utaapa kwamba dramu imekufa.

Lakini kabla ya yote hayo, kama mashine yako pia inatoa kopi, jiulize swali moja: mstari unatokea ukichapa kutoka kwenye kompyuta, au ukitoa kopi tu? Niliwahi kuitwa kwa mashine kubwa ya idara nzima yenye mstari mweusi uliokuwa umewasumbua wiki mbili. Dramu mpya, katriji mpya, mstari uleule. Nilichapa ukurasa wa taarifa za mashine kutoka kwenye menyu yake, ukatoka safi kabisa. Nikaweka karatasi juu ya kioo kikubwa na kutoa kopi, safi. Nikaipitisha karatasi ileile kwenye sehemu ya juu inayovuta karatasi zenyewe, mstari ukatokea. Pembeni ya kioo kikubwa kuna ukanda mwembamba wa kioo, upana wake haufiki hata vidole viwili, na karatasi zinazovutwa husomwa zikipita juu ya ukanda huo. Palikuwa na tone kavu la ule wino mweupe wa kufutia makosa, dogo kuliko punje ya mtama. Skana imesimama, karatasi inapita, kwa hiyo nukta moja inachorwa kuwa mstari mrefu. Nililikwangua kwa ukucha na kufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Tangu siku hiyo, ukurasa wa menyu ndio kitu cha kwanza ninachochapa kokote niendako, kwa kuwa unaitenga kompyuta na skana kwa mpigo mmoja.

Tona inayofutika ukiisugua kwa kidole nayo hufanya watu wakimbilie fyuza. Angalia kwanza aina ya karatasi iliyowekwa kwenye mipangilio. Ukiweka karatasi nzito kwenye trei huku mashine inaamini ni karatasi ya kawaida, joto halitatosha, na hilo si kosa la fyuza. Mabakamabaka, sehemu nzito na sehemu hafifu bila mpangilio, yananifanya niulize karatasi imehifadhiwa wapi. Karatasi yenye unyevu haipokei chaji sawasawa. Fungua rimu mpya iliyofungwa vizuri, chapa kurasa tano, ulinganishe. Rimu ikishafunguliwa irudishwe kwenye kifungashio chake, isiachwe sakafuni wala karibu na dirisha.

Kuhusu katriji zilizojazwa upya, sizipingi. Nimeona nyingi zinafanya kazi vizuri. Ninachopinga ni kujaza tona mpya bila kumwaga tona chakavu iliyokusanyika kwenye chumba chake, na bila kuangalia ulimi wa kufutia. Chumba hicho kikijaa, unga unamwagika ndani ya mashine, na ukurasa unaanza kuwa na rangi ya kijivu au vitone pembeni. Anayekujazia muulize waziwazi kama anamwaga chakavu.

Na jambo la usalama, hili nalisisitiza. Usisafishe tona kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Unga huo ni laini mno, chembe zake ni maikromita chache tu, unapita kwenye chujio na kurudi hewani unayovuta. Tumia kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ukimwagikia mkono au nguo, maji baridi, kamwe si ya moto, kwa sababu joto linaifanya tona ishike. Zima mashine, chomoa waya, subiri ipoe kabla ya kugusa ndani. Rola ya kuhamishia, ile nyeusi yenye sponji, usiishike kwa vidole.

Kwako sasa, mkuu: chapa ukurasa wa menyu, pima umbali wa madoa, kisha fanya jaribio la kufungua mlango katikati. Ukimaliza andika hapa modeli ya mashine, umbali uliopata kwa milimita, na kama doa lilikuwepo kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye fyuza. Ukikuta milimita 75 au 94 na dramu yako iko tofauti na tona, mwambie fundi aifungue dramu mbele yako akuonyeshe jeraha kabla hajaagiza chochote.