Maswali ya Wasomaji: Barua ya Aliyepewa Moyo wa Kaka

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu alifariki Uingereza mwaka juzi, akiwa na miaka 34, baada ya mshipa kupasuka kichwani akiwa kazini. Siku ya tatu madaktari walimwambia wifi yangu kwamba ubongo umekufa, ingawa kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Wifi alitupigia simu Tanga, muuguzi akiwa pembeni yake, akatueleza kwamba marehemu alijiandikisha mwenyewe kuchangia viungo vyake na kwamba angependa kusikia kauli ya mama kabla ya lolote kufanyika. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kama ndivyo alivyotaka, mimi ni nani nimzuie." Mwili ulirudishwa, tukazika, tukasoma arobaini.

Mwezi uliopita wifi alinitumia picha ya barua aliyoipokea. Mwandishi ametaja jina lake la kwanza tu. Anasema kwamba ndiye aliyepewa moyo, kwamba ana watoto wawili, na kwamba sasa anapanda ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika katikati. Sijamsomea mama, ambaye hajui Kiingereza. Tangu msiba, neno lake ni moja: "Mwanangu nimemzika, moyo wake sijauzika." Nachelea kwamba akishamjua mtu huyu atamfanya mwanawe, na siku mtu huyo akifa tutakaa matanga mara ya pili kwa msiba uleule. Je, nimfiche? Na tukiamua kujibu, tuandike nini?

Dada wa marehemu, Tanga

JIBU: Dada yangu, poleni sana, na umfikishie mama pole yangu. Usimfiche. Barua hiyo imeandikiwa familia ya aliyechangia, na kama wifi yako ni wa kwanza katika familia hiyo, mama hawezi kuwa wa mwisho, hasa kwa kuwa kauli yake iliombwa siku ile ngumu na akaitoa. Usimsomee usiku wala siku yenye wageni. Mwambie asubuhi, mkiwa wawili, kwamba barua ipo na imetoka kwa nani, kisha umwachie yeye aseme kama anataka kuisikia leo, mwezi ujao au asiisikie kabisa. Ukiisoma, isome yote bila kuruka lolote, hata zile ngazi, kwa maana huenda ngazi hizo ndizo atakazozikumbuka kuliko shukrani zenyewe.

Nieleze kidogo jinsi barua za namna hii zinavyosafiri, kwa sababu utaratibu wake umewekwa kwa ajili ya hofu kama yako. Uingereza, familia ya mchangiaji na mpokeaji hawajulishwi majina kamili wala anwani. Mpokeaji huandika kupitia hospitali yake, watumishi wa huduma ya upandikizaji huisoma barua kuhakikisha kwamba haina la kumtambulisha mtu, ndipo huifikisha kwa familia iliyokubali kupokea. Ninyi mnaweza kujibu kwa njia hiyohiyo, au msijibu kabisa, na hakuna atakayewadai. Ikiwa barua zitaendelea na pande zote mbili zikaridhia, huenda hata watu wakakutana. Italia, kinyume chake, sheria ya mwaka 1999 iliwakataza wahudumu wa afya kuzijulisha pande hizo mbili majina. Kwa hiyo nakusihi, usimtafute mtu huyo kwenye mitandao kwa kuunganisha jina lake la kwanza na tarehe ya msiba. Wapo wanaofanya hivyo na wakampata, lakini anayetafutwa kwa njia hiyo hapewi nafasi ya kusema kwamba bado hajawa tayari.

Nimeitaja Italia kwa sababu huko ndiko kulikotokea kisa ninachokikumbuka kila nikiulizwa kuhusu jambo hili. Usiku mmoja wa Septemba 1994, familia ya Kimarekani ilikuwa safarini kwa gari kusini mwa nchi hiyo, majambazi wakaifyatulia risasi, na mtoto wao wa miaka 7, Nicholas Green, akapigwa kichwani akiwa amelala kiti cha nyuma. Alifariki tarehe 1 Oktoba katika hospitali ya Messina. Wazazi wake, Reg na Maggie, walivitoa viungo vyake katika nchi ileile alikouawa, wakapewa Waitaliano saba: watano walipata viungo na wawili konea za macho. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 19 ambaye ini lake lilikuwa limeshindwa kabisa na ambaye tayari alikuwa amepoteza fahamu. Alipona, akaolewa, na mwanawe wa kiume akamwita Nicholas. Katika miaka kumi iliyofuata kiwango cha uchangiaji wa viungo Italia kiliongezeka mara tatu. Wazazi wale walikutana na waliopokea, wakawashika mikono, na bado mtoto wao alibaki marehemu. Sijaona popote walipodai kwamba huzuni iliondoka. Naona walichokipata ni kwamba kila walipoikumbuka risasi ile, lilikuwapo na jambo jingine la kukumbuka pembeni yake.

Sasa nije kwenye hofu yako ya matanga mawili, ambayo siipuuzi hata kidogo. Moyo wa kwanza kupandikizwa kwa binadamu kutoka kwa binadamu mwingine ulipandikizwa hapahapa Afrika, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, na timu ya Dkt. Christiaan Barnard. Moyo huo ulikuwa wa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari akivuka barabara na mama yake, ambaye alifia palepale. Baba, Edward Darvall, aliyekuwa amempoteza mke na binti katika ajali moja, aliombwa idhini usiku uleule. Alisimulia baadaye kwamba alifikiri dakika chache tu, akakumbuka keki ya siku ya kuzaliwa ambayo Denise alimtengenezea na joho la kuogea alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, akaona kwamba kutoa ndiyo ilikuwa tabia ya mwanawe. Aliyepokea moyo, Louis Washkansky, aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Figo moja ya Denise alipewa mvulana wa miaka 10 ambaye sheria za ubaguzi za wakati ule zilimhesabu kuwa si Mzungu.

Siku 18 ni chache mno. Hata hivyo sioni kwamba zilikifanya alichotoa Darvall kiwe kidogo, kwa sababu alikwisha kutoa kabla hajajua zingekuwa ngapi. Mama yako naye ametoa kwa namna hiyohiyo. Mweleze waziwazi, kabla ya barua ya pili haijaandikwa, kwamba moyo uliopandikizwa huhitaji dawa maisha yote ili mwili usiukatae, kwamba wengi huishi nao miaka mingi na wengine hawafiki mbali, na kwamba mwenye moyo huo ana mama yake mzazi, au aliwahi kuwa naye. Mtu huyu si mwanawe aliyerudi. Moyo kazi yake ni kusukuma damu, na hata mapigo yake hubadilika: kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyouongoza hukatwa wakati wa upasuaji, moyo uliopandikizwa hupiga haraka kidogo kuliko ulivyozoea. Ajue hili mapema, ili siku akitamani kuusikia asije akashtuka kwamba si ule aliokuwa akiusikia alipokuwa akimlaza mtoto kifuani.

Kama neno la "sijauzika" linatoka kwenye wasiwasi wa dini, mpeleke kwa sheikh anayemwamini, na umkumbushe sheikh huyo kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo cha maiti kumwokoa aliye hai, kwa masharti, na miongoni mwake ni kwamba marehemu awe ameridhia au warithi wake waridhie, na kiungo kisiuzwe. Lakini nahisi mama haulizi hukumu. Nahisi anauliza moyo uko wapi, na barua iliyo kwenye simu yako inalo jibu.

Mkijibu, andikeni kifupi. Mwambieni kwamba barua imefika na imesomwa kwa Kiswahili mbele ya mama. Mtajieni mambo mawili matatu ya kaka yenu yasiyomtambulisha: kwamba alipenda kuvua samaki, kama alipenda, au kwamba hakuwahi kufika kwa wakati kwenye karamu yoyote. Msimwagize aishi kwa niaba ya marehemu, kwa maana huo ni mzigo ambao hakuna dawa inayousaidia mwili kuubeba.

SWALI: Nimesoma habari za wanaojiandikisha ng'ambo kutoa viungo wakifa. Mimi ni mwalimu Morogoro, nina afya njema, nami nataka kufanya hivyo. Nijiandikishe wapi?

Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, nia yako ni njema, lakini upandikizaji tunaoufanya nchini umejengwa juu ya wachangiaji walio hai. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na anayetoa figo huwa ni ndugu wa mgonjwa, mtu mnayekula naye sahani moja. Kwa majirani, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inazungumzia utoaji wa viungo baada ya kifo, na Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2023, ila hata penye sheria kazi haianzi bila vyumba vya mahututi, wataalamu na maabara.

Unachoweza kufanya leo ni kumwambia mkeo na ndugu zako wakubwa, kwa maneno yasiyo na utata, na ikiwezekana uandike. Hata Uingereza, ambako tangu Mei 2020 sheria ya upande wa England humhesabu kila mtu mzima kuwa ameridhia isipokuwa amekataa au yumo katika makundi yaliyotengwa, wahudumu bado huzungumza na familia kwanza. Sheria hiyo imepewa majina ya watoto wawili waliokuwa na miaka 9, Keira aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2017 na Max aliyepokea moyo wake, na wazazi wao walikuja kukutana. Familia inayojua marehemu alitaka nini haianzi kubishana kwenye korido ya hospitali.

SWALI: Nilizaliwa Mombasa na sasa naishi Birmingham. Nilikaa miaka minne kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kila wiki, hadi nilipopata figo ya mtu aliyefariki. Imetimia miaka mitatu na sijaiandikia familia yake hata mstari. Nimejaribu mara sita. Kila nikiandika "asante" naona haya, kwa kuwa siku zile nikiomba figo ipatikane, nilikuwa kwa hakika nikiomba mtu afe.

Miaka ile minne maji nilikuwa nayapima kwa kikombe, na vipande vya barafu navihesabu. Madafu, ndizi, vyote nilikatazwa. Mwaka jana, kwa ruhusa ya daktari, nilikwenda nyumbani, nikasimama kwa muuza madafu kando ya barabara, nikanywa dafu zima hadi tone la mwisho, akanichongea kipande cha ganda nikalikomba. Nililia pale mbele ya watu, naye akadhani dafu ni bovu, akataka kunibadilishia. Sikujua nimweleze vipi kwamba nilikuwa namlilia mtu nisiyemjua jina.

Mpokeaji, Birmingham

JIBU: Dada yangu, hukuomba mtu afe. Huko uliko, kifo cha ubongo huthibitishwa na madaktari wawili, vipimo hurudiwa mara mbili, na hakuna kati yao aliye kwenye timu ya upandikizaji, wala hakuna anayetazama orodha ya wanaosubiri ili kuamua nani aachwe. Mtu yule alikufa kwa lililomuua. Ukimya wako haukumrudisha, na afya yako haikumwondoa. Baada ya kifo hicho, watu waliokuwa katika saa yao mbaya kuliko zote waliulizwa swali, wakaitikia, na mpaka leo huenda hawajui ilikuwaje huko figo ilikokwenda.

Hujachelewa. Barua hupokelewa hata baada ya miaka mingi. Huenda hawatakujibu, nawe usichukulie kimya chao kuwa ni hasira, kama ambavyo sitaki wao wakuchukulie kimya chako kuwa ni kukosa shukrani. Katika ukurasa huuhuu yupo mwanamke wa Tanga mwenye barua kama hiyo ambayo bado hajaweza kuisoma kwa sauti. Anza kwa kuwapa pole, kabla ya kushukuru. Tumia jina lako la kwanza tu. Kwa kuwa huijui dini yao, usiwaambie kwamba Mungu alipanga hivi, hata kama wewe unaamini hivyo kwa moyo wote.

Yanayobaki umekwisha kuyaandika. Ichukue aya ya pili ya barua uliyonitumia, ile ya dafu, uitafsiri, uliache tu hilo la haya lililo katika aya ya kwanza, kisha uipeleke kwa muuguzi wako katika kliniki yako ijayo.